Gazeti Hukunjwa, Bango Je?

Ndugu msomaji, wewe unayeandika hadithi zako usiku kwenye daftari la mistari, siku moja huenda akaja bwana mwenye mkoba akakuomba maneno sita. Sita tu! Na malipo yake yatazidi ya hadithi yako nzima, kama hadithi yenyewe italipwa. Maneno hayo yatapandishwa kwenye bango. Swali langu ni hili: ukishayaandika, unadaiwa nini na yule atakayeyasoma?

Tuanze na ufundi, maana wengi wetu tunaudharau bure. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 hivi kila sekunde. Mpe dereva sekunde 5 za kutupa jicho, mita 110 zimeshapita. Ndiyo maana mafundi wa mabango wanang'ang'ania maneno machache, herufi nene, picha moja, na rangi zinazogombana, kama nyeusi juu ya njano. Wala si jambo geni. Watunzi wa majina ya kanga waliyajua haya kitambo. Jina halizidi mstari mmoja, na wifi anayelengwa hulisoma kabla mvaaji hajavuka kizingiti.

Lakini kanuni hiyo imetungwa kwa barabara kuu. Inafaa pale Mombo, ambapo mabasi ya Arusha hupita na haraka zao. Ukiiacha barabara hiyo ukaanza kupanda Soni kwenda Lushoto, ni kona juu ya kona, gari linajikongoja. Pita Lushoto, elekea Rangwi, na hapo msomaji wako mkubwa si dereva tena. Ni mama mwenye tenga la karoti kichwani. Anapita asubuhi akienda gulioni, jioni akirudi, na kesho tena. Tuseme umemsimikia bango la sekunde 5. Yeye atalisoma mwaka mzima.

Umeona tatizo? Neno lililopimwa kwa mwenye haraka linamwangukia mwenye muda. Tuseme umeandika, "Na wewe pia unastahili!" Dereva anatabasamu, anapita zake. Mama anaanza kujiuliza: nastahili nini? Nani kaninyima? Pichani kuna jokofu, sofa, na mtoto mnene mwenye meno meupe. Mwezi wa tatu swali lile limeshahamia jikoni kwake, na anayetazamwa kwa jicho baya ni mumewe, au shamba lake, au yeye mwenyewe. Hakuna uongo hata mmoja ulioandikwa pale. Ndiyo balaa yenyewe.

Wapo watakaosema, bwana we, si asiangalie! Hapo nakataa kabisa. Gazeti hukunjwa, redio huzimwa, kanga hubadilishwa. Bango limesimama kati ya macho na mlima. Wenzetu wa São Paulo, Brazil, walipitisha sheria mwaka 2006 ya kuyaondoa mabango ya biashara mjini, ikaanza kazi 2007. Sisemi tuige. Wachoraji wetu wana watoto wanaosoma.

Usambara yenyewe ina kipimo chake. Wasambaa wa zamani waliupima utawala kwa maneno mawili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mwanahistoria Steven Feierman aliyachambua katika kitabu chake cha mwaka 1990. Wafalme wa Vuga, akina Kimweri ye Nyumbai, walihesabiwa kuwa wenye mvua. Sasa hilo nalo lilikuwa tangazo, tena kubwa kuliko bango lolote! Lakini ahadi ile ilikuwa na mwenyewe. Mvua ikikatika, watu walijua lawama waipeleke wapi.

Mwenye bango yuko wapi? Kampuni iko Dar es Salaam, nguzo ni za wakala, picha ya mpiga picha, halmashauri imechukua ushuru wake, na maneno sita ni yako. Kila mtu ana kipande, ahadi nzima haina baba. Mama wa karoti aende kwa nani?

Mimi naona aje kwako. Hao wengine waliuza nafasi na rangi. Wewe ndiye uliyemsemesha. Basi jipime hivi: ukikutana naye njiani, ukamwambia "onga mshi" akaitikia, je, unaweza kumwambia maneno yako sita ana kwa ana, tenga likiwa bado kichwani? "Mlete mtoto chanjo Jumatano" unaweza. "Na wewe pia unastahili" utaona haya, maana atakujibu.

Na msiniambie ufupi unatubana. "Linauzwa laki saba, linataka umeme." Hesabu mwenyewe, ni matano.