Wema wa Mpita Njia

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: ndivyo walivyosema wazee wetu. Lakini siku hizi wako wageni wasiongoja kupewa jembe. Waja nalo mkononi. Hao ni watalii wa ng'ambo, wengi wao vijana, ambao katika safari ya kutazama wanyama hutenga wiki moja au mbili za kufundisha shuleni, kupaka rangi madarasa, au kulea yatima. Je, jambo hili ni jema?

Tusianze kwa kuwadharau. Mtu anayetumia likizo yake kwa ajili ya wengine ana moyo. Lakini nia njema ni mwanzo wa tendo jema, wala si tendo lenyewe. Msaada hupimwa kwa faida ya anayesaidiwa, si kwa furaha ya anayesaidia.

Mkoa wa Katavi unatupa mfano. Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, alifika mwaka 1889 mgeni aitwaye Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo yaitwa Mali. Akatekwa utotoni, akauzwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa utabibu kisiwani Malta. Alijifunza kwanza, ndipo akaja. Aliwatibu wagonjwa na kufundisha dini, akakaa huko hata alipofariki mwaka 1956, yaani miaka 67. Basi ugeni si kosa.

Je, twadai kila mgeni akae miaka 67? La hasha. Daktari bingwa akija siku kumi, akamfundisha daktari wetu upasuaji asioujua, yeye ataondoka na ujuzi utabaki. Lakini kijana asiyepata kufundisha kwao, akishika darasa letu wiki mbili, ataacha nini? Na ukuta alioupaka rangi, fundi wa Mpanda angeupaka kwa ujira, akawalisha wanawe.

Zito zaidi ni la watoto. Yatima humzoea mgeni, humwita mama au kaka, kisha huachwa. Wiki ijayo aja mwingine. Tena, penye wageni wanaolipa ili walee yatima, hapakosi mtu wa kuwatafutia yatima, hata miongoni mwa watoto wenye wazazi. Kwa sababu hiyo, mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliyataka mataifa yawakinge watoto na madhara ya kujitolea huko katika nyumba za yatima, hasa kunakoambatana na utalii.

Wala lawama si ya wageni peke yao. Je, tungemruhusu kijana wa Tabora asiye na cheti awatibu wagonjwa wetu, ati kwa kuwa ana moyo mwema? Mbona basi twamfungulia mlango yule atokaye mbali? Sheria yetu haimruhusu mwenye viza ya utalii kufanya kazi, hata ya kujitolea. Yampasa kupata kibali. Wakuu wa shule na walezi wa vituo wasione haya kuuliza: Una ujuzi gani? Utakaa muda gani? Ukiondoka, nani ataiendeleza kazi hii?

Mgeni ajaye kutazama viboko wa Hifadhi ya Katavi, akalipa kwa haki malazi na kiongozi wake, akarudi kwao ameijua nchi yetu, ametutendea jema wala hana deni. Na atakaye kushika jembe, na alishike. Ila kwanza amwulize mwenye shamba.