Je, Kristo Aliishia Njiani?

Masomo: Isaya 51:1, Luka 2:1–7, Luka 10:25–37

Ndugu wapendwa katika Bwana,

Wengi mmeniuliza habari za safari yangu ya Italia, nami niliahidi kuziandika katika gazeti letu. Za mji wa Bari, mahali lilipo kaburi la Mtakatifu Nikolao, nimekwisha kuwaeleza kanisani. Leo nataka kuwaambia habari za mji mwingine, ulio bara, mbali na bahari. Jina lake ni Matera. Nilikaa huko siku mbili tu, lakini siku hizo mbili zimenisumbua moyoni kuliko safari yote, na kabla ya kumaliza barua hii mtaijua sababu.

Kutoka Bari tulipanda treni ndogo ipitayo katika mashamba ya ngano na mizeituni. Si mbali sana, kama kilomita 60 hivi. Tulipofika niliona mji kama miji mingine: maduka, magari, watu wakinywa kahawa. Nikajiuliza moyoni, ‘Je, ni hili tu?’ Ndipo mwenyeji wangu akaniongoza hadi ukutani, akaniambia niinamie, nitazame chini.

Chini kulikuwa na mji mwingine. Ni mteremko mkubwa wa mwamba unaoshukia korongo refu, na mteremko wote umejaa milango na madirisha, nyumba juu ya nyumba, hata paa la huyu ni njia ya yule aliye juu yake. Nyingi za nyumba hizo hazikujengwa, bali zilichongwa. Mwamba wa huko ni laini, na tangu zamani sana, maelfu ya miaka, watu wameingia ndani yake kwa patasi na sururu, wakajifanyia makao. Sehemu hizo mbili za mapango huitwa Sassi, maana yake ‘mawe’. Na juu kabisa, kati ya sehemu hizo mbili, limesimama kanisa kuu la karne ya 13.

Nikalikumbuka neno la nabii Isaya, pale anapowataka watu wa Mungu wautazame mwamba ambao wamechongwa kutoka kwake, na shimo ambalo wamechimbwa ndani yake. Sijaona mahali pengine ambapo neno hilo ni la kweli kwa macho namna ile.

Hata maji yao waliyaweka katika mwamba. Walikinga mvua, wakaiongoza kwa mifereji hadi katika visima vilivyochongwa. Chini ya uwanja mkubwa wa mji kuna kisima kimoja kiwezacho kuchukua lita milioni 5 hivi. Nilishuka nikasimama ndani yake kama mtu asimamaye katika kanisa kubwa. Na yote ni kazi ya mikono.

Lakini, ndugu zangu, msidhani kwamba maisha ya pale yalikuwa mazuri. Watu walipoongezeka, mapango hayakutosha. Visima vya zamani na hata makanisa mengine yakageuzwa makao. Nilionyeshwa chumba kimoja kama kilivyokuwa katika miaka ya 1950. Humo alikaa baba, mama, na watoto wengi. Na pamoja nao nyumbu, nguruwe na kuku. Mwanga uliingia kwa mlango tu. Kitanda kiliinuliwa juu, watoto wadogo wakalala hata katika droo ya kabati. Unyevu ulitoka ukutani mchana na usiku. Watoto wachanga walikufa kwa wingi.

Mwaka 1935 serikali ya Mafashisti ilimfukuza kwao daktari mmoja, mchoraji pia, jina lake Carlo Levi, Myahudi wa mji wa Torino, ikampeleka akae chini ya ulinzi katika vijiji vya jimbo hilo. Dada yake, naye daktari, alikwenda kumtazama, akapitia Matera. Aliona watoto wenye ugonjwa wa vikope, nzi wamewajaa machoni, na wengine wakitetemeka kwa malaria. Watoto wakamfuata mgeni huyo njiani kumwomba. Nao hawakumwomba senti wala peremende. Walimwomba kwinini.

Mwaka 1945 Levi alitoa kitabu kuhusu watu wale. Jina la kitabu ni msemo wa wakulima wenyewe: Kristo aliishia Eboli. Eboli ni mji ulio upande wa bahari, mahali ambapo barabara na reli ziliiacha pwani na kuingia bara. Na neno ‘Mkristo’ katika usemi wao lilikuwa na maana ya ‘mtu’, mwanadamu aliye kamili. Basi walikuwa wakisema kwamba Kristo alifika pale Eboli akaishia pale, hakufika kwetu, sisi hatuhesabiwi kuwa watu.

Tafakarini jambo hili. Waliosema hivyo hawakuwa wapagani. Walibatizwa, walikuwa na mapadri, walikuwa na kanisa kuu lenye mnara uonekanao toka mbali. Hata hivyo waliona kwamba Kristo ameishia njiani.

Kitabu kile kilisomwa na wengi, na viongozi wa siasa wakaanza kuiita Matera aibu ya taifa. Mwaka 1950 Waziri Mkuu De Gasperi alikwenda akajionea mwenyewe. Mwaka 1952 ikatungwa sheria, na watu wapatao 15,000 wakahamishwa kwenda katika nyumba mpya. Mapango yakabaki matupu. Baadaye, mwaka 1986, ikatolewa sheria nyingine ya kuyatengeneza. Mwaka 1993 yakaingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Na mwaka 2019 Matera ikawa mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya. Leo wageni hulipa fedha nyingi ili walale katika mapango yale yale ambayo mwenye nyumba aliyaonea haya. Hakika jiwe lililotupwa na waashi limekuwa la thamani tena.

Sasa nataka tujifunze mambo matatu.

Kwanza, je, ni kweli kwamba Kristo hakufika kule? Katika mwamba ule, mjini na kando ya korongo, kuna makanisa zaidi ya 150 yaliyochongwa. Kuna pango moja nje ya mji ambalo wachungaji wa kondoo walilitumia kuwa zizi. Walizoea kuona sura za watu ukutani, wakaliita pango la watakatifu mia. Mwaka 1963 vijana wa mjini walilitafuta, wakalipata, na kumbe ni kanisa, lenye picha zilizochorwa miaka zaidi ya 1,100 iliyopita: Mungu anaumba nuru, Adamu anaumbwa, Hawa anatwaa tunda, na Mama wa Bwana pamoja na Mitume. Muda wote ule kondoo walilala chini ya picha za Injili. Na katika kanisa la Mtakatifu Lusia nilimwona Bikira Mariamu amechorwa akimnyonyesha Mtoto, kama mama ye yote wa mtaa ule alivyofanya katika pango la jirani.

Nilisimama mbele ya picha ile kwa muda mrefu. Mapokeo ya kale yasema kwamba hori la Bethlehemu lilikuwa katika pango. Basi Mwana wa Mungu, alipokuja kwetu, alianzia mahali kama pale, penye giza, penye pumzi ya wanyama, kwa kuwa hapakuwa na nafasi penginepo. Hakuishia Eboli hata kidogo. Alikuwamo ndani ya mwamba kabla barabara haijachongwa.

Pili, kama Kristo hakuishia njiani, ni nani basi aliyeishia njiani? Ni sisi tuitwao kwa jina lake. Katika mfano wa Msamaria mwema, kuhani na Mlawi walimwona mtu aliyejeruhiwa wakapita kando. Levi wetu huyu, ambaye jina la ukoo wake ni lile lile la Lawi, hakupita kando. Ingawa alikuwa mfungwa, aliwatibu wakulima mpaka wenye mamlaka wakamkataza. Na alipofariki mwaka 1975, alizikwa katika kijiji cha Aliano, mahali alipofungwa, kwa kuwa yeye mwenyewe alitaka alale kati ya wale maskini. Huyo hakuwa Mkristo. Lakini tukiulizwa na Bwana wetu ni nani aliyekuwa jirani yao, tutajibu nini?

Tatu, kuna jambo la ujirani wenyewe. Nilizungumza na mzee mmoja aliyezaliwa katika pango. Mwenyeji wangu alitufasiria. Nilimwuliza kama hutamani maisha ya zamani. Akatikisa kichwa. Akasema mama yake alizika watoto wawili kutoka nyumba ile. Mtu atakayeyasifu mapango na aende akalale humo wakati wa baridi bila moto. Kisha akanyamaza, akasema tena kwamba kitu kimoja amekikosa. Nyumba kadhaa zilikuwa na ua mmoja na kisima kimoja. Mkate ulikandwa nyumbani, ukapelekwa katika tanuri la wote, na kila nyumba ilikuwa na mhuri wake wa mti wa kupiga juu ya donge, ili mikate isichanganyike. ‘Kwa hiyo,’ akasema, ‘mkate wa nyumba fulani ukikosekana tanurini, tulijua mchana ule ule. Tulipohamia nyumba mpya tulipata maji na taa. Lakini tukafunga milango, na hakuna aliyejua tena nani hakuoka.’

Ndugu zangu, neno hilo ndilo lililonichoma. Sisi nasi tuna mkate mmoja, tunaouumega katika Meza ya Bwana. Je, twajua ni nani amekosekana?

Hapa yanipasa kuungama mbele yenu, maana wengi mnajua habari yenyewe, ingawa kwa upole wenu hamkunitamkia. Ng’ambo ya mto, mahali ambapo barabara ya gari inakwisha, alikuwako bibi mmoja, mshiriki wetu wa siku nyingi. Miguu ilipomshinda, alimtuma mjukuu wake kwangu kuniambia kwamba ana hamu ya Sakramenti. Nikasema, mvua zikipungua nitakwenda. Mvua zikapungua, nikawa na mkutano. Mjukuu akaja mara ya pili. Nikasema, wiki ijayo. Wiki iliyofuata nilikwenda, lakini nilikwenda kumzika. Siku hiyo nilivuka mto kwa miguu, nimekunja kanzu mkononi, na haikunichukua hata saa moja. Njia iliyonishinda alipokuwa hai haikunishinda alipokufa.

Nilipokuwa Matera, nikitazama milango ile ya giza na kusikia maana ya msemo wa wakulima, sikuwafikiria mapadri wa Italia. Nilijifikiria mimi. Kwa bibi yule, Kristo aliishia pale barabara inapokwisha, kwa sababu mtumishi wake aliishia pale. Najua Bwana mwenyewe alivuka. Yeye hangojei mvua zipungue. Lakini alinituma mimi nivuke pamoja naye, nami sikwenda. Naomba msamaha kwa Mungu, kwa jamaa yake, na kwenu nyote.

Tena, wapendwa, toba isiyo na matunda ni maneno matupu. Kwa hiyo nimepanga hivi. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi nitavuka mto, nitawapelekea Ushirika Mtakatifu wagonjwa na wazee wa upande ule, kwa mvua au kwa jua. Nawaomba wazee wa kanisa waniandikie majina yao wote, pia ya wale ambao hawajaonekana kanisani mwaka huu, bila kuuliza kwanza kama wamelipa ahadi zao. Nawaomba akina mama wa Umoja wanifuate wawili wawili, maana mgonjwa hahitaji sala tu. Huhitaji pia mtu wa kumtekea maji. Na kila mmoja wenu, popote akaapo, atazame ua wake. Moshi wa jiko gani haujaonekana siku mbili hizi? Mtoto wa nani haendi shule? Usingoje mpaka jambo liitwe aibu ya taifa. Kwa watu wa Matera serikali ilichelewa, na Kanisa nalo, lililokuwa karibu zaidi, lilichelewa.

Siku ya kuondoka nilinunua mkate wa mji ule. Juu yake huchanjwa mara tatu kabla ya kuokwa, nao husema ni kwa ajili ya Utatu Mtakatifu. Nilipoumega nyumbani kwangu, ulikuwa umekwisha kuwa mgumu, lakini tuliula wote. Nikaomba kwamba mkate wetu, ule wa mezani na ule wa altare, usiishie njiani tena.

Tuombe. Ee Bwana Yesu Kristo, uliyezaliwa mahali pa wanyama na kuzikwa katika mwamba, utusamehe mahali tulipoishia. Utupe miguu ya kuvuka na macho ya kumwona aliyekosekana, ili mtu ye yote katika mtaa huu asiseme kwamba wewe hukufika kwake. Nawe unaishi na kutawala pamoja na Baba na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja, milele na milele. Amina.

Ndimi mtumishi wenu katika Bwana,

Kasisi wa Mtaa