Ahadi kwa Samaki Asiyeomba

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, na tangu hapo nimekuwa mtetezi mkubwa wa haki ya kuacha. Acha kozi isiyokufaa. Acha kazi. Acha uhusiano unaokumaliza. Ungeniuliza mwaka juzi, ningekuambia mtu mzima ni yule anayejua wakati wa kusema imetosha. Bado naamini hivyo, kiasi. Lakini kuna samaki wawili kwenye keja yangu Roysambu ambao wamenivurugia hiyo falsafa.

Nilianza na maji baridi, kama karibu kila mtu. Gapi sita kwenye tangi la lita 40, juu ya meza ambayo pia ndiyo ofisi yangu. Gapi ni samaki wa kusamehe. Ukisahau kuwalisha siku mbili, wanakungoja. Ukikosea maji kidogo, wanavumilia. Baada ya miezi michache walikuwa wamezaana hadi sikuweza kuwahesabu, nikachoka nao, nikawagawia watoto wa ploti kwenye chupa za soda. Sikuwaza mara mbili. Sijui kama hata mmoja alimaliza mwezi.

Nikitazama nyuma, sababu ya kutowaza naiona. Gapi wangu walizaliwa kwenye tangi. Mama yao pia, na nyanya yao. Samaki wengi wa maji baridi wanaouzwa kwa mapambo huzalishwa na watu, kwenye mabwawa na matangi, kama kuku. Nilijiambia kwamba hakuna mahali nilipowatoa, kwa hivyo hakuna ninachodaiwa.

Halafu nikaenda Watamu. Hifadhi ya bahari ya pale ilianzishwa mwaka 1968, pamoja na ile ya Malindi, na ukiingiza uso majini ukiwa na miwani ya kuogelea unaelewa kwa nini mtu aliona kuna kitu cha kulinda. Sitajaribu kuieleza. Nitasema tu kwamba nilirudi Nairobi nikaangalia tangi langu tupu na nikaona aibu, kama mtu aliyekuwa akiishi na picha ya chakula.

Nikaanza kuweka akiba. Kazi mbili za kuandika zikalipa mwezi mmoja, jambo ambalo halijawahi kutokea tena, nikanunua tangi la mitumba la lita 200, skima, pampu mbili za kusukuma mawimbi, hita, na taa inayokula stima kuliko friji. Wenye maduka ya maji mtaani wakanizoea: mitungi kumi ya lita 20, kisha nachanganya chumvi maalumu, takriban gramu 35 kwa kila lita, napima, naongeza, napima tena. Nikangoja wiki sita bila samaki, bakteria wakue kwenye mawe, wale wanaogeuza amonia kuwa naitraiti na naitraiti kuwa naitreti. Jirani alikuwa akiingia kukopa pasi anaona mtu ametoa macho kwa maji matupu. Akanionea huruma.

Kitu kimoja nilichojifunza wakati huo kilinikaa akilini. Samaki wa maji baridi mwili wake una chumvi kuliko maji anamoishi, kwa hivyo maji humwingia tu, naye kazi yake ni kuyatoa. Samaki wa bahari ni kinyume. Bahari ina chumvi kuliko mwili wake, inamnyonya maji saa zote, kwa hivyo lazima anywe bila kukoma na kuitoa chumvi, kwa sehemu kubwa kupitia mashavu. Yaani kuna samaki ambaye maisha yake yote ni kupigana na kiu akiwa ndani ya maji. Huyo hawezi kukusamehe makosa kama gapi. Hana nafasi ya ziada.

Na tofauti nyingine niliijua kabla sijalipa shilingi, siwezi kusingizia. Upande wa chumvi, aina nyingi za samaki huvuliwa baharini. Pwani yetu imo kwenye hiyo biashara. Vijana huzamia na nyavu ndogo, samaki wanatiwa kwenye mifuko ya plastiki yenye maji na oksijeni, wengi wanapanda ndege kwenda Ulaya na Marekani. Wachache huja Nairobi. Wangu walikuja Nairobi.

Nilinunua watatu. Wawili ni wa jamii ya yule ambaye kila mtu humwita Nemo tangu filamu ya mwaka 2003, ingawa Nemo wa filamu si wa bahari yetu. Hawa wetu wana rangi ya waridi inayokaribia chungwa, na mstari mweupe mmoja mgongoni, kama mtu amewachora kwa chaki. Wa tatu ni samaki msafishaji: mwembamba, urefu wa kidole, buluu yenye mstari mweusi. Baharini huyu ana kibanda chake kwenye mwamba, na samaki wengine, hata wakubwa wanaoweza kummeza, hupanga foleni ili awatoe wadudu mwilini, hadi ndani ya mdomo. Mmoja anaweza kula wadudu zaidi ya 1,000 kwa siku. Ni kinyozi, daktari na mtu wa stori, wote kwa mmoja.

Kwangu hakuwa na mteja. Wale wawili wa mstari mweupe aliwasumbua hadi wakawa wanamkimbia. Nilimpa kila chakula nilichosoma kwamba kinafaa, kilichogandishwa na kilichokaushwa. Alionja, akatema. Siku moja nikiingiza mkono kusafisha kioo, akaja. Akaanza kudonoa kucha zangu, taratibu, kidole baada ya kidole, akizunguka na kurudi. Nilifurahi sana. Nilichukua video. Ilinichukua siku mbili tatu kuelewa nilichokuwa nikiona: alikuwa anatafuta kazi. Mimi ndiye mteja pekee aliyebaki duniani, na sikuwa na wadudu wa kumlisha.

Nikawa naingiza mkono kila jioni. Wiki ya sita nikamkuta chini, nyuma ya jiwe, ameisha.

Beshte yangu aliniambia, bila ubaya, “Msee, ni samaki tu.” Na ni kweli kwamba jioni hiyohiyo nilikula omena. Kwa hivyo swali ni halali: kama sililii omena mia moja, ninamlilia huyu mmoja kwa sababu gani? Kwamba ana akili? Mwaka 2019 watafiti walichapisha matokeo kwamba samaki wa aina yake, akiwekewa alama kooni kisha akajiona kwenye kioo, hujikwaruza chini kama anayejaribu kuitoa. Wanasayansi bado wanabishana hilo lina maana gani. Lakini hata wakikubaliana kesho kwamba hana akili yoyote, mimi sitatulia. Tatizo langu liko mahali pengine.

Mahali penyewe nilionyeshwa na mvuvi. Nilikuwa nimeshuka kwa binamu yangu Ukunda, na asubuhi moja akanipeleka diko, pale wanapopokelea samaki. Kulikuwa na mzee ambaye ujana wake wote alikuwa mvuvi wa samaki wa mapambo. Nilimwamkia, nikamweleza habari ya msafishaji wangu, nikitarajia labda anilaumu, au anionee huruma. Aliniuliza nilimnunua kwa bei gani. Nilipomwambia 2,500 alicheka, akanitajia alichokuwa akilipwa yeye kwa samaki kama yule. Ilikuwa chini ya nauli yangu ya kutoka Likoni.

“Mwanangu,” akasema, “mimi nikimvua changu, wamla, kazi yake imekwisha. Huyu wako wampeleka nyumbani mzima. Sasa kazi yake ndiyo yaanza. Hukulijua hilo?”

Sikulijua, mzee.

Nimelifikiria neno lake tangu siku hiyo. Changu aliyeliwa, hesabu yake imefungwa. Unaweza kusema ilifungwa kwa dhuluma, huo ni mjadala mwingine, na mimi mla omena sina sauti kubwa humo. Lakini samaki aliyetolewa baharini akawekwa chumbani ni hesabu iliyo wazi. Kila asubuhi inafunguliwa upya. Nyuzi joto 25 alizokuwa akipewa na Bahari ya Hindi bure, sasa ni hita yangu na tokeni zangu. Mawimbi yake ni pampu yangu. Nimejiweka mahali pa bahari, na bahari haijawahi kuchoka ikaamua kujaribu mambo mengine.

Tunasema ahadi ni deni. Lakini ahadi tunazozijua zina watu wawili: anayetoa na anayepokea. Anayepokea anaweza kukukumbusha, kukukasirikia, hata kukusamehe. Nilipoacha chuo, mama alilia, tukaongea, baada ya mwaka tukaelewana. Maisha niliyoyaacha yalikuwa yangu, na aliyeumia alikuwa na mdomo wa kuniambia. Samaki hakuniomba ahadi. Hajui kwamba ipo. Hawezi kunidai, na kwa sababu hiyohiyo hawezi kunisamehe. Hilo deni halina wa kulifuta. Nadhani ahadi za namna hii ndizo nzito zaidi, na ndizo tunazozivunja kirahisi zaidi, kwa sababu hakuna atakayepiga simu.

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo nimeibeba kwa uzito. Matangi yameokoa samaki. Sangara alipoingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, furu wa aina nyingi sana walitoweka baadaye, na baadhi ya aina zilizosalia zimehifadhiwa na watu kwenye matangi, hata ng'ambo. Bila mtu fulani kubadilisha maji kila wiki kwenye chumba fulani, zingeisha. Na bahari yenyewe si salama: joto la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi pwani yetu. Inawezekana kweli kwamba siku moja chumba kitakuwa salama kuliko mwamba. Lakini mimi sikumchukua msafishaji wangu kumwokoa. Nilimchukua kwa sababu ni mrembo na nilikuwa na pesa wiki hiyo. Sitaki kuazima sababu ya mtu mwingine kufunika yangu.

Basi wale wawili waliobaki. Samaki wa jamii yao wamewahi kuishi kwenye matangi zaidi ya miaka 20. Niliposoma hiyo namba nililala vibaya. Sijawahi kufanya chochote kwa miaka 20. Sijaishi hata miaka 30.

Kuwarudisha baharini nilikuwazia, tena kwa machozi ya sinema: mimi na ndoo, Diani, jua linatua. Wazo baya. Samaki wa tangini anaweza kubeba magonjwa ya tangini na kuyapeleka mwambani. Kuna samaki wa bahari zetu, mwenye miiba ya sumu na mapezi kama manyoya, ambaye leo anasumbua pwani za Florida na Karibiani, na wataalamu wengi wanaamini alifika huko kwa kuachiliwa kutoka kwa matangi ya watu. Kila aliyemwachilia pengine alijiona mwema.

Mwezi uliopita ndipo mtihani wenyewe ulikuja. Mteja mmoja amekaa na malipo yangu, kodi imechelewa miezi miwili, na mwenye baa moja huku Thika Road akasikia nina tangi. Akaja, akalipenda, akatoa ofa: 60,000, na samaki ndani. Nilimuuliza nani atawatunza. Akasema, “Si kuna kijana wa usafi?” Hakuwa mtu mbaya. Alisema vile ningesema mimi wakati wa gapi.

Nikamwambia nitampigia. Usiku huo stima ikapotea. Maji ya chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi, kwa hivyo pampu zikizima hauna muda mrefu. Nilifunga tangi kwa blanketi langu, nikakaa gizani nikichota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu, ili yashike hewa. Saa nne hivi. Mkono ukichoka nabadilisha. Na nilikuwa nimeudhika, sitadanganya, nilikuwa nikiwahesabia wale samaki kila shilingi ya ile 60,000.

Sikumpigia. Nimeuza taa ile kubwa, nikabakisha ndogo. Matumbawe yangu mawili laini yatakua polepole, basi. Hayo angalau yalikatwa kutoka tangi la jamaa wa Kilimani, na alikokata pameshaota tena. Kodi naidaiwa bado. Sitanunua tena samaki aliyetoka baharini.

Bado naamini katika kuacha. Nimeongeza sharti moja tu: nikiacha, gharama niilipe mimi, isilipwe na asiyeulizwa. Kwa hivyo kuna karatasi nimeibandika ubavuni mwa tangi. Ina chumvi inayotakiwa, joto, chakula na saa zake, na namba ya simu ya yule jamaa wa Kilimani, ambaye nilienda kwake tukakaa chini na akakubali, mimi nikishindwa, kuwachukua wote wawili pamoja. Nimeandika pia, kwa herufi kubwa: STIMA IKIPOTEA, ANZA NA KIKOMBE.