Amana ya Mwenye Kuondoka

Kuondoka katika kazi ni sehemu ya kazi, kama kuingia kulivyo sehemu yake. Walakini wanadamu wamesema mengi juu ya namna ya kushika uongozi, na machache juu ya namna ya kuuacha. Mtu apewapo cheo hufundishwa wajibu wake. Akiachapo hupewa mkono wa buriani, na watu hudhani kuwa hesabu imekwisha. Yafaa tujiulize kama hesabu hiyo huisha kweli. Kiongozi aliyewakusanya watu kwa hiari yao, wala si kwa mshahara, ana haki ya kuwaacha? Na kama anayo, ana deni gani la kulipa kabla hajavuka kizingiti?

Swali hili halitaki kujibiwa hewani. Na tulitazame katika mfano mmoja. Mwezi wa Mei 2005 Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilianzisha mradi ulioitwa BBC Backstage, jina lenye maana ya nyuma ya jukwaa. Mradi huu uliwafungulia mafundi wa programu wasio waajiriwa wa shirika sehemu ya ghala lake: vichwa vya habari, ratiba za vipindi, na taarifa za hali ya barabara, vyote katika sura inayosomeka na kompyuta. Aliyetaka alichukua, akaunda chombo chake, akakionyesha kwa wenzake katika intaneti. Sharti moja kubwa lilikuwa asikifanyie biashara. Mwezi wa Juni 2007 mradi huo, pamoja na kampuni ya Yahoo, uliwaita mafundi hao katika Alexandra Palace, London, jumba ambalo BBC ilianza kurusha humo matangazo yake ya kawaida ya televisheni mwaka 1936. Radi ililipiga jumba, matundu ya paa yakafunguka, na mvua ikaingia ndani, ikawanyeshea watu na mashine zao. Walakini kazi haikuvunjika.

Sidhani kuwa mtu asiyelipwa huvumilia mvua kwa ajili ya hati ya masharti. Huvumilia kwa sababu ya imani, na imani aghalabu hukaa katika uso wa mtu. Shirika kubwa halina uso. Lina milango mingi, na mgeni hajui abishe upi. Kiongozi wa mradi wa namna hii ndiye mlango wenyewe. Mguu wake mmoja umo ndani ya ofisi, ambamo huwatetea walio nje. Na mguu wake wa pili uko nje, ambako huwaeleza watu taabu za walio ndani. Uongozi wa mradi ule ulipita katika mikono ya zaidi ya mtu mmoja kabla haujafungwa mwishoni mwa mwaka 2010. Kila mlango wa namna hiyo ukiondolewa, walio nje hujiuliza: Je, tulimwamini mtu, au tuliiamini nyumba?

Wapo wasemao kuwa kiongozi huyo hana deni lolote. Yeye ni mwajiriwa. Alilipwa kwa kazi, akaitenda. Mwenda kwao si mtumwa. Tena waliokuja hawakushurutishwa, na aliyekuja kwa hiari aweza kuondoka kwa hiari. Hoja hii ina nguvu, nami sikubali kuwa yupo mtu awezaye kufungwa maisha yake yote kwa wema alioutenda zamani. Kama ingekuwa hivyo, hapana mwenye busara ambaye angethubutu kutenda wema wa kwanza.

Wapo pia wasemao kinyume chake: kuwa aliyewaalika watu nyumbani, kisha akatoka kabla ya chakula kuiva, amewavunjia heshima wageni wake. Ahadi ni deni, na mwaliko ni ahadi. Hoja hii nayo ina nguvu, lakini husahau jambo moja. Nyumba haikuwa yake. Aliwaalika kwa jina la mwenye nyumba, na chakula kilikuwa cha mwenye nyumba. Kwa hiyo deni limegawanyika. Na deni lililogawanyika ndilo lipotealo upesi, maana kila mdaiwa humtazama mwenzake.

Mifano miwili itatusaidia kuona mgawanyo huo. John Reith aliiongoza BBC tangu siku zake za kwanza katika miaka ya 1920, akaiacha mwaka 1938. Hapana shaka shirika lilikuwa na alama ya mkono wake kila upande. Lakini tangu mwaka 1927 lilikuwa na hati ya kifalme, na kiti ambacho mtu mwingine aliweza kukikalia. Yeye aliondoka, kiti kikabaki. Mfano wa pili ni wa Guido van Rossum, mwasisi wa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Mwezi wa Julai 2018 aliacha uongozi wake bila kutaja mrithi. Wenzake walijadiliana, wakapiga kura juu ya namna ya kujitawala, na mapema mwaka 2019 wakachagua baraza la watu watano. Waliweza kufanya hivyo kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa wazi mikononi mwao. Mwasisi hakuondoka na ufunguo.

Tazama sasa hali ya wale waliokuwa nyuma ya jukwaa. Hawakuwa na kiti cha kurithi, wala ufunguo. Vyombo walivyoviunda vilikuwa vyao, lakini maji yaliyoviendesha yalitoka katika kisima cha mwingine. Katika hali kama hiyo kiongozi hawezi kuwarithisha asichokuwa nacho. Deni lake, kwa maoni yangu, ni la kweli. Awaambie watu wake, mapema na waziwazi, lipi liliahidiwa na shirika, lipi lilikuwa ukarimu wake mwenyewe, na lipi lilikuwa tumaini tu. Kisha aandike. Mali bila daftari hupotea bila habari, na imani ni mali. Nani aliahidiwa nini, ni ombi gani lingali linangoja jibu, ni nani ndani ya ofisi asikiaye: haya yakibaki katika kumbukumbu ya mtu mmoja, huondoka naye, hata kama moyo wake ni safi.

Huenda msomaji akapinga kuwa daftari haliwezi kurithisha mapenzi. Ni kweli. Mrithi atapokea majina, lakini hatapokea urafiki. Itampasa aujenge upya. Sioni dawa ya hasara hiyo, wala sidhani ni haki kumlaumu mtu kwa ajili yake. Lawama iko mahali pengine: kwa kiongozi aliyependa kuwa mlango wa pekee, akafurahia kuwa bila yeye hapana aingiaye, na kwa shirika lililoridhika kujengewa urafiki na mtumishi mmoja, lisiuchukue kuwa wajibu wake lenyewe. Dhambi hizo hazitendwi siku ya kuaga. Hutendwa pole pole katika siku za sifa, na siku ya kuaga huzifunua tu.

Basi haki ya kuondoka ipo, nayo ni kamili. Lakini uzuri wa kuondoka haupimwi kwa machozi ya waliobaki, kwani machozi yaweza kuwa dalili kuwa hawakuachiwa kitu kingine. Hupimwa asubuhi ya pili yake, mgeni ajapo na swali lake: kama ajua mlango gani abishe, na kama yupo ndani mtu ajuaye kwa nini amekuja.