Wajukuu Zangu wa Kihanga, Lindeni Masikio Mapema

Wajukuu zangu, ninyi mnaoshinda kwenye mashine za kukoboa kahawa, za kusaga mahindi, za mbao na za kuchomelea, njooni mnisikilize babu yenu. Njooni sasa, mkingali mnasikia.

Najua mtanijibu: "Babu, mbona tunasikia vizuri?" Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Kelele haianzi kwa kuiba sauti. Huanza na maneno. Nyumbani penye utulivu unasikia yote. Ukifika harusini au mnadani, mtu anasema nawe ana kwa ana, sauti inakufikia, maneno yanakupita. Unaitikia "ndiyo" na hujui umekubali nini.

Hiyo ndiyo dalili ya sikio lililoumizwa na kelele kwa siri. Mwaka 2009 huko Marekani, watafiti Sharon Kujawa na Charles Liberman waliwaweka panya kwenye kelele kwa saa mbili tu. Baadaye vipimo vikaonyesha usikivu umerudi. Walipochunguza ndani ya sikio, palipoumia wakakuta karibu nusu ya viungio vya seli za kusikia na mshipa wa fahamu vimepotea.

Sikio likiibiwa halitoki damu, wajukuu zangu. Na madaktari hawajakubaliana juu ya kipimo kimoja cha kumwonyesha mtu hasara hii iliyojificha. Basi jichungeni wenyewe.

Mashine ikiwaka, je, unalazimika kumpigia kelele mwenzako aliye umbali wa mkono? Mahali hapo pana hatari. Jioni mashine imezimwa, masikio bado yanalia? Redio iliyokutosha asubuhi, usiku unaiongeza? Usiseme ni uchovu, mwanangu. Usiseme.

Nimewaona waliopita njia hii. Mmoja alianza kukwepa vikao. Mke akadhani anadharauliwa. Mnunuzi akataja bei ya kahawa, yeye akasikia nyingine. Barabarani bodaboda ikapiga honi nyuma yake, hakugeuka. Seli za kusikia za binadamu zikifa hazioti tena, wala hakuna dawa ya kuzifufua.

Nawasihi, shikeni hesabu hii ya ukubwa wa kelele: desibeli 85, mwisho saa 8 kwa siku. Zikifika 88, saa 4. Zikifika 91, saa 2. Kila zinapoongezeka 3, muda unakatika nusu.

Nawasihi, vaeni vizibo vya masikio vya kazi. Pamba mnayochomeka haizuii kelele ya kutosha. Pokezaneni zamu. Tokeni nje mkapumzike.

Nawasihi, mkapimwe usikivu kabla ya kuanza kazi, kisha kila mwaka. Mkipelekwa hospitali ya Bugando kwa madaktari wa masikio, msiishie kusema "nasikia". Semeni: "Penye watu wengi sishiki maneno." Na kama umeajiriwa, mkumbushe tajiri wako kwa adabu kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka apimishe afya za wafanyakazi wake.

Mshahara wa msimu mmoja haununui sikio. Kesho asubuhi, kabla hujawasha mashine, ziba masikio kwanza. Fanya hivyo, mjukuu wangu, ungali na la kulinda.