Mali ya Kampuni na Mkono wa Mwenye Kampuni

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Ama baada ya haya: ndugu zetu wanaofanya biashara Uingereza huuliza mas-ala haya. Mtu ameanzisha kampuni kwa jasho lake, naye ndiye mkurugenzi na ndiye mwenye hisa zote. Je, akichukua fedha za kampuni hiyo apendavyo, amemdhulumu nani? Mtu hajiibii mwenyewe.

Hoja hii ina nguvu kwa dhahiri yake, lakini haisimami. Mwaka 1892, mjini London, mtengenezaji wa viatu aitwaye Aron Salomon aliigeuza biashara yake kuwa kampuni. Katika hisa 20,007 yeye alimiliki 20,001. Sita zilizobaki walikuwa nazo mkewe na watoto wake watano. Kampuni ilipofilisika, mfilisi alitaka Salomon alipe madeni yake kwa mali yake binafsi. Novemba 1896 Baraza la Malordi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa, lilihukumu kwamba hawajibiki: kampuni ni nafsi mbali, na Salomon ni nafsi mbali. Hukumu hiyo ni msingi wa sheria ya makampuni hadi leo.

Basi tafakari, ndugu msomaji. Mwenye kampuni huukubali utengano huu siku mdai anapobisha hodi, husema, "Inayodaiwa ni kampuni, si mimi." Inakuwaje siku ya harusi ya mwanawe aseme, "Kampuni ni mimi"? Aliyejikinga kwa ukuta hana haki ya kuutoboa kwa upande wake. Uadilifu ni kuikubali hukumu moja, ikufae au ikubane.

Ndiyo maana sheria ya huko imeweka milango mitatu. Wa kwanza ni mshahara, nao ni malipo ya kazi, hukatwa kodi. Wa pili ni gawio, nalo hutolewa katika faida iliyolimbikizwa baada ya kuondolewa hasara. Kuwepo fedha benki si hoja, kwani huenda fedha hizo ni za kodi, au ni za aliyekuuzia bidhaa kwa mkopo. Wa tatu ni mkopo. Ukizidi paundi 10,000, kwa kawaida huhitaji idhini ya wenye hisa. Na usiporejeshwa ndani ya miezi tisa na siku moja tangu kumalizika mwaka wa hesabu, kampuni hutozwa kodi maalumu. Kampuni ikifilisika, mfilisi humdai mkurugenzi deni hilo kama anavyomdai mtu mwingine yeyote.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya makarani tu. Qur'ani Tukufu, katika Suratul-Baqara, imeamrisha deni liandikwe, liwe dogo au kubwa. Naye Abubakar, aliposhika ukhalifa, aliacha biashara yake akapangiwa posho katika mali ya Waislamu. Na alipokaribia kufa aliusia kilichobaki kwake katika mali hiyo kirejeshwe. Alijua kipi ni chake na kipi si chake.

Jawabu basi ni hili. Anayechota bila ya kuandika humdhulumu mfanyakazi ambaye mwisho wa mwezi atakuta hazina tupu. Humdhulumu muuza bidhaa aliyemwamini. Mwisho huwadhulumu hata watoto wake, kwani deni hutangulia urithi. Naye akifa ghafla ugenini, warithi hawatajua kama alichochukua kilikuwa mshahara, faida au deni. Watagombana juu ya jambo ambalo mstari mmoja wa wino ungelimaliza.

Kwa hivyo, kabla ya kutia mkono, mtu ajiulize: ninachukua kwa mlango gani, na nani anangojea haki yake nyuma yangu? Kisha aandike. Mwenyezi Mungu atuwafikishe kula cha halali na kuacha nyuma yetu hesabu iliyo wazi. Amin.