Nahodha Anadaiwa Nini?

Tangu utotoni tumekuwa tukiambiwa kwamba meli ikizama, nahodha ndiye wa mwisho kutoka. Tumelisikia neno hili mara nyingi mno hata hatuliulizi tena. Kwa nini awe wa mwisho? Na kama meli yenyewe si ya vita, si ya kubeba chakula cha wenye njaa, bali ni meli ya starehe ambayo watu wamelipa nauli wale, wacheze muziki na kupunga upepo, je, mtu aliyeajiriwa kuiendesha hoteli hiyo inayoelea anadaiwa hata roho yake?

Hapa mtaani kwetu kuna mzee mmoja aliyekula chumvi ya bahari miaka mingi katika meli za mizigo za Wagiriki. Tulipokuwa tukiizungumza habari hii barazani, vijana sote tukimlaani nahodha mmoja wa Italia nitakayemtaja baadaye, mzee alituacha tuseme mpaka tukachoka. Kisha akasema, "Nyie wanangu mnahukumu mkiwa mmekaa juu ya sakafu ya saruji. Nahodha naye kazaliwa na mama. Mimi nimetia sahihi mikataba chungu nzima, sijaona hata mmoja ulioandikwa kwamba mshahara wangu ni bei ya roho yangu."

Nilikosa la kumjibu siku ile, na sikutaka kumjibu kwa hasira. Ninayoyaandika hapa ni jibu langu kwake, na kwako ndugu msomaji uliyepata kupanda chombo chochote ukiwa umemwachia mtu mwingine maisha yako.

Kwanza nakubaliana na mzee katika jambo moja: kifo cha nahodha peke yake si malipo ya kitu chochote. Nahodha Edward Smith alizama na Titanic mwaka 1912, na dunia ikamjengea sanamu. Lakini meli ile ilikuwa na watu zaidi ya 2,200 na mashua za kuokolea zenye nafasi za watu 1,178 tu. Smith kufa hakukuongeza hata nafasi moja. Waliobaki majini walikufa wakiwa na nahodha shujaa, basi. Kwa hiyo tukisema nahodha anadaiwa kufa, tunasema maneno matamu ya hadithi. Deni lake ni jambo jingine, nami nadhani nimelipata katika mkasa wa Oceanos.

Meli hii ilijengwa Ufaransa na kushushwa majini mwaka 1952, na maisha yake ya kwanza ilikuwa ikichukua abiria wa kwenda Madagascar na Mauritius kwa jina la Jean Laborde. Baadaye ikawa ya Wagiriki, ikageuzwa meli ya utalii. Tarehe 3 Agosti 1991 iliondoka bandari ya East London, Afrika Kusini, kuelekea Durban. Bahari ilikuwa imechafuka vibaya. Usiku ule maji yakaingia katika chumba cha mashine, taa zikazimika, na maji yakawa yanapita kutoka chumba hadi chumba, maana kuta ambazo kazi yake ni kuyazuia zilikuwa na upenyo wa mabomba ambao haukuzibwa. Meli ikaanza kulalia upande.

Sasa angalia vile abiria walivyopata habari. Hapakupigwa king'ora. Hapakutoka tangazo la nahodha. Walijua kwa glasi kuteleza mezani. Walijua kwa sakafu kuwa mlima. Wapiga muziki wa meli waliletwa ukumbini wawatulize watu kwa magita, na mmoja wao, Moss Hills, akaona mambo hayaendi. Akateremka chini pamoja na mwenziwe mfanya mazingaombwe kwenda kujionea. Wakayakuta maji, na wakawakuta mabaharia wakipanda juu mbio wakiwa tayari wamevaa majaketi ya kuokolea.

Kuanzia hapo meli ikawa mikononi mwa watumbuizaji. Mpiga gita, mkewe mpiga besi, mfanya mazingaombwe, mama aliyekuwa msimamizi wa burudani, na wenzao wachache: hao ndio waliowapanga abiria na kuzishusha mashua, kazi ambayo hawakuwa wameifunza. Mashua hizi hutundikwa ubavuni mwa meli. Meli ikiinama, za upande mmoja hulalia ubavu zikagoma kushuka, na za upande wa pili huning'inia mbali na sitaha, kila wimbi likizitupa huku na huku, na mwenye mtoto mkononi anatakiwa aruke. Walizishusha zile zilizoshuka, nyingine zikawashinda, na watu wengi bado walikuwa melini.

Ndipo Hills akapanda hadi chumba cha usukani kutafuta amri. Hapakuwa na mtu. Akaanza kubonyeza redio, akaita kuomba msaada, na meli moja ikajibu. Ikamwuliza wako wapi hasa. Hakujua. Angejuaje? Alichoweza kusema ni kwamba wako mahali fulani katikati ya East London na Durban. Akaulizwa cheo chake. Yeye ni mpiga gita.

Nimelifikiri jambo hili mara nyingi kuliko yote mengine ya mkasa ule. Mlikuwa na vyombo, ramani na redio, na palikuwa na watu jasiri kuliko unavyoweza kuwaza, lakini ujasiri haukuweza kuzisoma namba za latitudo na longitudo. Aliyejua kuzisoma hakuwapo. Kulipokucha helikopta za jeshi la anga la Afrika Kusini zilikuja, kumi na sita, na Nahodha Yiannis Avranas akanyanyuliwa kwa kamba wakati abiria wengi wangali juu ya meli. Mwenyewe alieleza kwamba alikwenda kusimamia uokoaji kutoka nchi kavu, na kwamba amri ya kuiacha meli ikishatoka ni ya watu wote. Haijalishi yeye anaondoka saa ngapi. Watumbuizaji ndio waliobaki wakiwafunga watu mikanda ya kunyanyuliwa mpaka mwisho. Meli ilizama mchana wa tarehe 4, na watu wote 571 waliokoka. Uchunguzi wa Ugiriki ulimkuta nahodha na baadhi ya maofisa wake na hatia ya uzembe.

Basi turudi kwa mzee wetu. Nahodha aliogopa, hilo sina ugomvi nalo, mimi mwenyewe mashua ikiyumba kidogo tu natafuta kitu cha kushika. Kisa ni kwamba nahodha anapoondoka haondoki na mwili wake peke yake. Anaondoka na ujuzi. Yeye ndiye anayejua meli iko wapi, maji yamefika wapi, mashua ipi ishuke kwanza, na muda uliobaki ni wa kiasi gani. Abiria hana hata kimoja katika hivyo, na hana kwa sababu alikinunua kutokujua kwake! Ndiyo raha ya safari yenyewe. Mtu aliyechoka na kazi mwaka mzima analipa ili kwa siku saba asijue petroli ni bei gani, chakula kinapikwa wapi, wala meli inapita kwenye kina gani. Anamwambia nahodha: jua wewe, mimi nilale. Na nahodha anapokea fedha na kofia kwa sharti hilo.

Ndiyo kusema deni lake ni kweli. Anadaiwa kuusema ukweli kwa wakati, na kubaki mahali ambapo ukweli huo bado una kazi. Kama kubaki huko kutamuua, hapo sijui nani kati yetu ana kinywa cha kumwamuru. Lakini ukweli anaweza kuusema bila hata unywele wake kuloa.

Hapo ndipo linapoingia jina la Costa Concordia. Tarehe 13 Januari 2012, usiku kama saa 3:45, meli hii yenye watu zaidi ya 4,200 ilipitishwa karibu mno na kisiwa kidogo cha Giglio, Italia, ili kukipungia watu wa kisiwani. Nasema tena: kupunga! Mwamba ukalipasua tumbo lake. Abiria walikuwa mezani. Wakatangaziwa kwamba ni hitilafu ya umeme. Kuna mhudumu mmoja aliyeonekana katika picha za video akiwaambia watu waliokwisha kuvaa majaketi kwamba mambo yote yamedhibitiwa, warudi vyumbani mwao. Simlaumu dada yule hata kidogo. Aliambiwa aseme akasema. Uongo ulishuka ngazi moja baada ya nyingine mpaka ukafika kwa mtu asiyeujua kuwa ni uongo, na watu humwamini mtu wa namna hiyo zaidi.

Amri ya kuiacha meli ilikuja karibu saa 5, zaidi ya saa nzima baada ya mwamba. Katika muda huo meli iliendelea kuinama, na ndugu msomaji umekwisha kuona meli ikiinama mashua zinakuwa nini. Watu 32 wakafa. Francesco Schettino, nahodha, alikuwa ameshaondoka wakati mamia wangali melini. Ofisa wa ulinzi wa pwani, Gregorio De Falco, alimfokea kwa simu arudi, na sauti ile ilisikika dunia nzima. Usiku huohuo naibu meya wa Giglio, Mario Pellegrini, mtu wa nchi kavu asiye na kazi yoyote melini, alikuwa amepanda meli ile kusaidia watu.

Najua jibu litakalotolewa, maana mzee alilitoa: "Ukiwaambia watu elfu nne kwamba meli inazama, watakanyagana. Mwongo anaokoa." Ni hoja nzito, si ya kuchezea. Tena nimepanda boti ya Unguja siku ya upepo, nikaona kina mama wanavyopaza sauti kwa wimbi moja tu. Sitaki kuwa mle siku atakapotangaza mtu kwamba injini imekufa. Lakini tazama kilichotokea. Abiria wa Concordia hawakutulia kwa uongo ule. Waliwapigia simu jamaa zao nchi kavu, na jamaa ndio waliopiga polisi, na hivyo ndivyo watu wa ulinzi wa pwani walivyoanza kuuliza kuna nini. Walipouliza, meli nayo ikawajibu kuwa ni umeme tu. Taharuki haikuzuiwa, ilicheleweshwa mpaka wakati ambao haikuwa na faida tena. Ukimtisha mtu sitaha ikiwa bado tambarare, atatembea hadi kwenye mashua akilia. Ukimtisha sitaha ikiwa ukuta, hana pa kutembea.

Hata hivyo sitaki abiria atoke hapa amevaa kanzu nyeupe. Kutokujua kunanunulika, lakini si kote. Mamia ya waliopanda Concordia jioni ile katika bandari ya Civitavecchia hawakuwa wamefanya mazoezi ya dharura. Sheria ya kimataifa wakati ule iliruhusu yafanywe ndani ya saa 24, na mwamba haukungoja. Kuanzia mwaka 2015 sheria inataka yafanywe kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Lakini mzee anasema mazoezi ya abiria siku zote ni kama hotuba ya mgeni rasmi: watu wapo, masikio hayapo. Mtu anaona aibu kuvaa jaketi mbele ya mchumba. Tunataka nahodha ajue kwa niaba yetu hata mlango wa kutokea.

Februari 2015 mahakama ya Grosseto ilimhukumu Schettino miaka 16, na mwaka 2017 mahakama ya juu kabisa ya Italia ikaithibitisha hukumu hiyo. Nilimsomea mzee jinsi ilivyogawanywa: miaka kumi kwa roho zilizopotea, miaka mitano kwa kuivunja meli, mwaka mmoja kwa kuwaacha abiria. Sheria ya Italia inamhesabia nahodha kosa kushuka kabla ya watu wake. Za nchi nyingine nyingi hazisemi wazi hivyo.

"Mwaka mmoja kwa kukimbia," mzee alisema. "Hata wao wanajua roho ni tamu."

Nikamwambia bado kuna kipande kimoja. Kwa kuwapa wakuu wa bandari habari za uongo, aliongezewa mwezi mmoja.

"Mwezi?"

"Mwezi mmoja, mzee."

Alikaa kimya, akaivuta kofia yake mbele. Baadaye akaniuliza ile saa nzima, kutoka mwamba hadi amri, bahari ilikuwaje. Nikamwambia ilikuwa shwari. Akaniuliza pwani ilikuwa mbali kiasi gani. Nikamwambia taa za nyumba zilionekana.